Utando wa jicho hubanduliwa, mbona mgonjwa asielezwe?

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya soko, siasa na ushairi, na kwamba ikifika kwenye sayansi ya juu hukwama. Wenye dhana hii huwa na swali lao tayari. Je, utasemaje kwa Kiswahili kwamba daktari aliingiza kibano chembamba ndani ya jicho la mtu, akashika utando usioonekana kwa macho matupu, akaubandua juu ya retina bila ya kuichana retina yenyewe? Jibu ni kwamba limekwisha kusemwa, tena katika sentensi moja, na msomaji ameelewa.

Makala haya yananuia kuueleza upasuaji huo kwa kirefu. Sikusudii kumfundisha yeyote udaktari, kwani hiyo si kazi ya mwanaisimu. Nakusudia kuonyesha kwamba jambo hili laweza kuelezwa kwa lugha tunayoitumia kila siku, na kwamba kutolieleza kwa lugha hiyo kunaweza kumgharimu mtu jicho lake.

JICHO NA TANDO ZAKE

Jicho la mtu mzima ni mfano wa mpira mdogo wenye kipenyo cha takriban milimita 24. Mbele pana konea, ambayo ni angavu na hupitisha mwanga. Nyuma yake mna mboni na lenzi. Sehemu kubwa ya ndani imejaa ute mzito ulio angavu kama kioo, kiasi cha mililita 4 hivi, nao karibu wote ni maji. Nyuma kabisa, ukuta wa ndani umetandikwa retina, tabaka la neva linalopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Unene wake ni karibu robo ya milimita. Katikati ya retina pana sehemu iitwayo doa la manjano, na katikati ya doa hilo mna kishimo kidogo. Hapo ndipo tunaposomea, ndipo tunapotambulia uso wa mtu, na ndipo tunapotegemea tunapotunga uzi kwenye sindano. Retina iliyosalia hutusaidia zaidi kuona mambo ya kandokando.

Retina ina ngozi yake ya ndani, upande ule unaogusana na ute. Wataalamu huiita utando wa mpaka wa ndani. Unene wake ni takriban sehemu 2 au 3 za elfu ya milimita, hata unywele mmoja wa kichwani huushinda kwa unene zaidi ya mara 20. Huu ni utando wa maumbile na kila mtu anao. Lakini zipo tando nyingine ambazo hazikutakiwa. Mtu anapozeeka, ule ute hunywea na kujitenga na retina. Aghalabu hilo hutokea bila madhara. Mara nyingine, hata hivyo, chembe hai husalia juu ya retina, zikasambaa na kufanya utando mpya, mfano wa ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Utando huo hujikunja, na ukijikunja huikunja retina pamoja nao. Mgonjwa huanza kuona mistari iliyonyooka imepinda. Fremu ya mlango huonekana imebonyea, na miraba ya daftari la hesabu huonekana kama wavu uliovutwa upande mmoja.

Tatizo la pili ni tundu. Ute ukikataa kujitenga na kile kishimo cha katikati, ukakivuta, retina huweza kutoboka mahali hapo. Mgonjwa akimtazama mwenzake huona mabega na nywele, lakini pua na mdomo vimemezwa na doa.

Tatizo la tatu, na lililo zito zaidi, hutokana na kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya retina. Retina ikikosa oksijeni ya kutosha hutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya kuota. Mishipa hiyo ni dhaifu; hupasuka na kumwaga damu ndani ya ute. Aidha, hutambaa juu ya retina na ute kama mmea utambaao, ikafuatana na nyuzi za kovu. Kovu hilo likijikaza, huivuta retina mpaka ikabanduka ukutani, na jicho likaanza kuzimika.

NENO HUSAFIRI

Kabla ya kuingia katika upasuaji wenyewe, nitatua kidogo kwenye neno retina, kwa sababu wapinzani wa Kiswahili hulitumia kama hoja. Husema kwamba maadamu hatuna neno letu la kiungo hicho, hatuna haki ya kukizungumzia.

Historia ya neno hilo inawakana. Wagiriki wa kale walilifananisha tabaka hili na wavu wa kuvulia samaki. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq alizitafsiri kazi za tabibu Galen na kuandika risala kumi juu ya jicho. Kwa Kiarabu tabaka hilo likaitwa kwa jina lenye asili moja na shabaka, yaani wavu. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona, akitafsiri vitabu vya tiba vya Kiarabu, aliligeuza kwa Kilatini kutokana na neno rete, ambalo pia maana yake ni wavu. Waingereza walilipokea neno hilo likiwa limekwisha kupikwa na wengine. Hawakulibuni, na hakuna aliyewaambia kwamba Kiingereza hakifai kwa tiba ya macho.

Nasi pwani tuna nyavu za kila namna: jarife, juya na kimia. Lau mtu angependa kuiita retina kimia cha jicho, asingekuwa amefanya ajabu kuliko Gerard. Mimi binafsi sioni haja ya kuliacha neno retina. Limeingia katika shule zetu na linatamkika vizuri. Linalohitajika ni mwalimu amwambie mwanafunzi, na daktari amwambie mgonjwa, kwamba ni kimia chembamba kilichotandwa nyuma ya jicho ili kinase mwanga.

MLANGO WA KUINGILIA

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba ute wa jicho hauguswi, na kwamba jicho likiupoteza hupotea nao. Katika miaka ya 1960 David Kasner, huko Miami nchini Marekani, alionyesha kwamba ute waweza kuondolewa na jicho likasalimika. Yeye aliufungua upande wa mbele wa jicho ili aufikie. Robert Machemer, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Miami hapohapo, alitaka kuingia kwa tundu dogo bila ya kulifungua jicho. Alikijaribu chombo chake kwa ute mweupe wa yai. Pamoja na mhandisi Jean-Marie Parel aliunda kifaa kilichokata ute, kikaufyonza, na papo hapo kikaingiza maji mahali pake ili jicho lisinywee. Mwaka 1970 alimpasua mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo. Alikuwa mtu mwenye kisukari ambaye jicho lake lilikuwa limejaa damu. Machemer alifariki mwaka 2009, na wengi humtaja kuwa baba wa upasuaji huu.

Siku hizi mpasuaji hutoboa vitundu vitatu katika weupe wa jicho, milimita 3 na nusu au 4 hivi kutoka ukingo wa konea, mahali ambapo retina haijaanza. Kitundu kimoja huingiza maji, cha pili hupitisha taa nyembamba, na cha tatu ni cha vifaa vya kazi: kikata ute, kibano au mkasi. Hapo awali vitundu hivyo vilikuwa na upana wa karibu milimita moja na vilihitaji kushonwa. Kuanzia mwaka 2002 vikaja vyenye nusu ya upana huo, ambavyo aghalabu hujifunga vyenyewe. Mpasuaji hutazama kwa hadubini kupitia mboni iliyopanuliwa kwa dawa. Mara nyingi mgonjwa hatiwi nusukaputi. Hupigwa ganzi pembezoni mwa jicho, akalala macho, akisikia kila neno linalosemwa chumbani.

VITENZI VITATU

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha hazina yake. Wanafunzi wa sarufi wanaijua kauli ya kutendua: ziba huzaa zibua, fuma huzaa fumua, bandika huzaa bandua. Neno utando lenyewe limetokana na kitenzi tanda, na kilichotandikwa hutanduliwa. Kiingereza hutumia neno lile lile kwa ndizi, kwa rangi ya ukuta na kwa utando wa jicho. Kiswahili humenya ndizi, huambua gome la mti, huchuna ngozi ya mnyama na hubandua kilichobandikwa. Tofauti hizi si pambo. Katika upasuaji wa tando za jicho kuna kazi tatu zisizofanana, na kila moja ina kitenzi kinachoifaa.

Kazi ya kwanza ni kubandua. Huu ni ule utando uliotanda juu ya retina kutoka nje yake. Baada ya kuondoa ute, mpasuaji hutafuta ukingo wa kuanzia. Asipouona, huweza kuukwaruza utando kwa kijiti laini chenye vumbi la almasi, kama alichokibuni Yasuo Tano wa Japani, ama kuufinya polepole kwa ncha za kibano mpaka kipande kidogo kiinuke. Akishakishika hakivuti juu kama avutaye kifuniko cha sufuria, kwa sababu nguvu yote ingeangukia nukta moja na kuichana retina. Hukivuta upande, karibu sambamba na retina, akizunguka doa la manjano, akiachia na kushika upya kila hatua chache. Ikumbukwe kwamba hata mkono uliotulia wa mpasuaji hodari hutetemeka kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtetemo huo ni mkubwa mara nyingi kuliko unene wa utando wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2016, huko Oxford nchini Uingereza, kundi la wapasuaji lililoongozwa na Robert MacLaren lilitumia roboti ndani ya jicho la mtu kwa mara ya kwanza, na kazi iliyopewa roboti hiyo ilikuwa ni kubandua utando.

Kazi ya pili ni kuambua. Hapa kinachoondolewa ni ule utando wa mpaka wa ndani, ambao ni gome la retina yenyewe. Msomaji atauliza kwa nini mtu aambuliwe kitu cha maumbile. Sababu ni kwamba utando huo, japo mwembamba, ni mgumu kuliko retina iliyo chini yake. Ukiondolewa mahali penye tundu, retina hulegea na kingo za tundu huweza kusogeleana. Aidha, huondoa jukwaa ambalo chembe hai zingelitumia kutanda tena. Hasara yake ni kwamba huweza kuacha vibonyeo vidogo katika nyuzi za neva, kwa hiyo mpasuaji mwenye busara haambui pasipo haja.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba utando huo ni angavu, na umelala juu ya retina iliyo angavu vilevile. Madaktari wakatafuta rangi ya kuutia. Mwaka 2000 ilianza kutumika rangi ya kijani iliyoushika vizuri sana. Baadaye zikatokea taarifa kwamba rangi hiyo huweza kuidhuru retina, na wengi wakahamia kwenye rangi ya buluu iliyoletwa na watafiti wa Japani mwaka 2006.

Kabla ya mwaka 1991 mgonjwa mwenye tundu katikati ya retina aliambiwa kwamba hakuna la kufanywa. Mwaka huo Neil Kelly na Robert Wendel, nchini Marekani, walitoa matokeo ya upasuaji wa macho 52. Matundu yaliyofunga yalikuwa 30, sawa na asilimia 58. Leo, kwa kuuambua utando wa mpaka, zaidi ya matundu 9 kati ya 10 hufunga. Kwa matundu makubwa, daktari Zofia Michalewska wa Poland na wenzake walitoa mbinu nyingine mwaka 2010. Hawakuutupa utando wote. Waliuacha umeshikilia ukingoni mwa tundu, wakaupindua, wakaufunika juu ya tundu kama kiraka. Katika wagonjwa wao, matundu yaliyofunga yalipanda kutoka asilimia 88 hadi 98. Kilichokuwa kikitupwa kikawa ndicho dawa.

Kazi ya tatu ni kukata, na inahusu tando za kisukari. Hapa kitenzi bandua ni cha hatari. Tando hizi zina mizizi: mishipa ya damu iliyopenya retina na kuushikilia utando kwa vigingi vingi. Anayezivuta kwa nguvu ataondoka na kipande cha retina. Kwa hiyo mpasuaji hutafuta mwanya baina ya kigingi na kigingi. Kuna wakati huukata utando vipandevipande, mfano wa visiwa, ili kila kisiwa kisivutane na kingine. Kuna wakati huingiza mkasi mwembamba baina ya utando na retina, akakata kigingi kimoja baada ya kingine mpaka utando wote uelee. Vilevile huweza kudunga ute mzito wa kutengenezwa chini ya utando ili uuinue na kuupanua ule mwanya kabla ya mkasi kuingia. Siku chache kabla ya upasuaji, daktari huweza kumdunga mgonjwa dawa ya kunyausha mishipa mipya ili damu isimwagike sana. Dawa hiyo nayo ina ncha mbili: mishipa hunyauka, lakini kovu huweza kujikaza zaidi, kwa hiyo upasuaji haufai kucheleweshwa baada yake.

Kazi hizi tatu hazina matumaini sawa. Aliyebanduliwa utando wa uzee aghalabu hurejeshewa sehemu nzuri ya uoni wake, ingawa huchukua miezi. Aliyekatwa tando za kisukari, retina ikiwa imekwisha kubanduka kwa muda mrefu, huenda akashukuru kwa kuona mwanga na mikono yake tu. Daktari akitumia neno moja la kigeni kwa wote watatu, wagonjwa wote watatu watarudi nyumbani na tumaini moja, na mmoja wao atakuwa amedanganyika.

GESI NA BARABARA YA NAIROBI

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa hahitaji kuyajua yote haya. Ajuaye ni daktari, na mgonjwa kazi yake ni kutia sahihi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama matibabu yangemalizika juu ya kitanda cha upasuaji. Hayamaliziki hapo.

Baada ya kushughulikia tundu, mpasuaji hujaza jicho gesi maalumu ili kiputo chake kiibane retina wakati inapopona. Gesi huelea juu. Ili kiputo kiguse nyuma ya jicho, mgonjwa hutakiwa kuinamisha uso, na kwa matundu makubwa huambiwa alale kifudifudi kwa siku kadhaa. Kiswahili kina neno kifudifudi, na mtu yeyote, hata asiyesoma darasa moja, huelewa mara moja. Maelezo yakitolewa kwa Kiingereza cha haraka, mgonjwa huyohuyo huenda akalala chali, kiputo kikaibana lenzi badala ya retina.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kila mwanafunzi wa fizikia hukariri Sheria ya Boyle, kwamba gesi hutanuka shinikizo linapopungua. Mtu aliyepasuliwa Mombasa, karibu na usawa wa bahari, akipanda basi au gari moshi kwenda Nairobi, hupanda takriban mita 1,700. Aliyepasuliwa Nairobi akielekea Nakuru hupitia Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kiputo kikubwa kikitanuka ndani ya jicho, shinikizo hupanda, damu huweza kushindwa kuifikia retina, na jicho lililotibiwa vizuri likapofuka njiani. Ndege ni hatari zaidi. Gesi nyingine hudumu wiki mbili hivi, nyingine karibu miezi miwili, na muda wote huo hatari ipo. Fauka ya hayo, akipata ajali akatiwa nusukaputi kwa aina fulani ya gesi, kiputo huweza kutanuka kwa dakika chache. Ndiyo sababu mgonjwa huvishwa utepe mkononi unaowaonya madaktari wengine. Kwa mtu asiyeweza kuepuka safari, daktari huweza kuchagua mafuta ya silikoni badala ya gesi. Lakini daktari atajuaje mipango ya safari ya mgonjwa, ikiwa wawili hao hawakuzungumza wakaelewana?

Lipo pia suala la maana ya neno lenyewe. Mwananchi akisikia utando wa jicho, akili yake huenda kwenye mtoto wa jicho au kwenye chamba, mambo ya upande wa mbele. Hudhani ataparuzwa konea, au hudhani kwamba dawa ya matone itatosha, akakawia. Akiambiwa kuna shimo jichoni hushtuka, akafikiri jicho limepasuka. Kiswahili hutofautisha tundu, ambalo hupenya, na shimo, ambalo lina mwisho. Mweleze kwamba utando upo nyuma, juu ya kimia kinachonasa mwanga, na kwamba kimia hicho kimetoboka kitundu kisichofika milimita moja. Atakuwa ameelewa, na ataweza kuuliza swali la maana.

SHERIA IPO, ISTILAHI ZIPO

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hivyo ridhaa iliyotiwa sahihi bila ya kueleweka ni wino tu.

Kuhusu istilahi, kazi kubwa imekwisha kufanywa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na ikachapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Sitaki kudai kwamba kila neno la upasuaji wa retina limo humo. Wala sitaki tuige wale wanaokesha wakiunda majina mazito ambayo hakuna mgonjwa atakayeyatamka. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na maneno ambayo bibi zetu waliyatumia jikoni na shambani: utando, tundu, kigingi, kiraka, bandua, ambua. Pale yasipotosha, tutakopa, kama lugha zote zilivyokopa.

Madaktari wetu nao wana kisingizio kinachosikika. Wamesoma kwa Kiingereza kutoka shule ya msingi hadi shahada ya uzamili, na hakuna aliyewahi kuwataka waeleze jicho kwa Kiswahili. Kasoro hiyo haikuanzia hospitalini. Ilianzia darasani, na darasani ndiko inakoweza kuondolewa kwa gharama ndogo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa biolojia waketi pamoja mara moja kila muhula, wawape wanafunzi mada moja ya sayansi waieleze kwa insha ya Kiswahili. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini kiputo cha gesi hutanuka akipanda Limuru, atakuwa ameifahamu Sheria ya Boyle kuliko yule aliyeikariri. Pili, vyuo vinavyofundisha tiba viupe mtihani wa mazungumzo na mgonjwa kwa Kiswahili uzito sawa na mitihani mingine. Tatu, kila hospitali inayofanya upasuaji huu iwe na fomu ya ridhaa na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, iliyoandikwa na daktari na kusomwa na mtu asiye daktari kabla ya kupigwa chapa.

Wakati tukiyangoja hayo, mwalimu anaweza kufanya jambo dogo hata leo. Achukue daftari la hesabu lenye miraba, awaombe wanafunzi wawapelekee wazee nyumbani. Mzee avae miwani yake ya kusomea, azibe jicho moja, atazame katikati ya ukurasa, kisha azibe la pili. Akiona mistari imepinda, au miraba ya katikati imepotea, aende kwa daktari wa macho bila ya kungoja. Na mwenye kisukari akapimwe retina kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa sababu mishipa ile huota kimyakimya, na mionzi ya leza au sindano ikiwahi huweza kumwondolea haja ya mkasi.

Akifika huko akaambiwa kwamba ana utando, aulize uko mbele au nyuma, utabanduliwa, utaambuliwa au utakatwa, na baadaye atalala vipi na asisafiri wapi. Hayo ni maswali ya Kiswahili sanifu. Daktari aliyeiva hatayaonea haya, na asiyeweza kuyajibu arudi kwa mwalimu wake wa lugha.